Shemeji Aliyeniombolezea Ningali Mzima

Bisheni. Bisheni sasa hivi, wadogo zangu, kwa sababu nikishaanza sina pumzi ya kurudi nyuma kumshika mkono kila asiyeamini. Nasema hivi: mimi Masliah mwana wa Tuvia, mshairi ambaye Lusena nzima inamjua na Granada inajifanya haimjui, nimeyasikia maombolezo ya kifo changu mwenyewe yakisomwa kwa sauti, yenye vina na mizani, jina langu limepigiliwa mwisho wa ubeti, siku ambayo nilikuwa mzima, nimeshiba, nimebeba mtungi wa divai begani. Haya, nani wa kwanza kuniita mwongo? Yekutieli, wewe umeniita mwongo tangu ulipoota meno, mbona leo umefunga mdomo?

Mzee Bahya, na wewe Mzee Nisimu, msisinzie. Nimewaita mashahidi wawili kwa sababu sheria yetu Wayahudi inampa mtu aliyelala kitanda cha kufa heshima ambayo hakuwahi kuipata akiwa na afya: analolisema linashika, sawasawa na lililoandikwa na kukabidhiwa mkononi. Miaka yote watu wamesema maneno ya Masliah ni upepo. Leo ni mawe, na nitayarusha ninavyotaka. Kwa hiyo kaa vizuri, Mzee Bahya, acha kuupapasa huo mto wa hariri, nitasema mwenyewe unakwenda kwa nani.

Zohra, funga mlango. Najua nani yuko uani, nimekisikia kikohozi chake. Mumeo ana kikohozi cha mtu anayetaka kusahihisha jambo. Abaki huko huko. Yekutieli, simama hapo mlangoni, una mabega ya baba, na mtu akipita bila mimi kusema, usiniite kaka tena.

Na huo mchuzi nani kaupika? Wewe mwenyewe? Hukuuacha peke yake jikoni hata kidogo? Basi onja kwanza. Usininunie, dada yangu, onja. Si kwa ncha ya ulimi, kunywa kama mtu mwenye njaa. Vema. Uweke pale upoe, sina hamu.

Sikilizeni basi. Mimi si mzee. Ndevu zangu nyeusi bado, na wapo wajane wawili katika mtaa huu watakaolia kuliko ninavyostahili. Lakini baba alipokufa mimi ndiye niliyebaki mkubwa, na mkubwa akilala hivi, ni juu yake kusema kila kitu kiende wapi, hata kama alikuwa mkubwa wa ovyo. Nyumba hii ni ya Yekutieli, ila chumba cha juu chenye dirisha la kutazama mizabibu ni cha Zohra siku yoyote atakayogombana na mumewe, na kwa jinsi ninavyomjua mumewe, chumba hicho hakitapata nafasi ya kujaa utando wa buibui. Mizabibu mgawane. Divai ya mwaka huu msiwaonjeshe watu wa Granada, maana wataonja mpaka mtungi uishe kisha waseme ni kali. Mto wa hariri, Mzee Bahya, ni wako, lakini ukionekana umeukumbatia kabla sijakata roho, ni wa Mzee Nisimu.

Mashairi yangu ni ya Zohra. Hayako kwenye karatasi, kwa sababu karatasi haina uaminifu, inamfungukia yeyote anayejua kusoma. Yako kichwani mwake tangu alipokuwa mtoto wa kukaa mlangoni akichambua dengu, mimi nikimsomea na yeye akirudia. Asimsomee mtu anayetafuna. Asimsomee mtu anayesema "hili linanikumbusha lile la fulani." Na nikishazikwa, mkisikia katika karamu yoyote mtu anasoma ubeti kuhusu mwezi uliokwama kwenye komamanga, jueni kaiba, mshikeni joho.

Sasa sanduku. Yekutieli, liko wapi? Lipo chini yangu bado? Gonga kwa mguu nisikie. Haya.

Mnajua kilichomo. Baba aliyamaliza macho yake kwa kitabu kile. Wakati baba za wenzetu walikuwa wakinunua hariri na kuuza mafuta, wa kwetu alikaa akifukua asili ya maneno ya lugha takatifu, Kiebrania, neno moja moja, akionyesha kwamba kila kitenzi kimekalia herufi tatu hata pale ambapo moja imejificha usiione, na kwamba mabwana wa zamani waliosema vinginevyo walikuwa wakipapasa ukuta. Aliweza kukaa siku nzima na neno moja la Ayubu, ukimletea chakula anakutazama asijue wewe ni mtoto wake wa ngapi. Akafa katikati ya alfabeti. Kalamu ilikuwa na wino. Nusu ya pili ya kitabu kile ni vipande, alama zake mwenyewe, mishale, majina ya aya, mambo ambayo ukiyatazama bila elimu utadhani kuku kakanyaga wino.

Na mimi elimu hiyo sina. Nilitoka kwenye mkeka wa Mwalimu Zerahia kabla sauti haijavunjika. Alitaka tuandike kitenzi kimoja kwa namna zake zote, mimi nikamwandikia ubeti kuhusu makombo yaliyokuwa kwenye ndevu zake, darasa zima likaanguka kwa kicheko, na yeye akanionyesha barabara. Baba hakunipiga. Aliniangalia tu akawaambia wageni, "Masliah ana sikio ambalo sijapata kuliona, tatizo Mungu hakumpa makalio ya kukaa." Nililibeba neno hilo mitaani kama sifa. Nilisema, nyie kaeni na makalio yenu, mimi nitasimama mbele ya mabwana nipige vina mpaka vikombe vitikisike. Na nikasimama, na vikatikisika. Nani anabisha?

Basi katika Lusena nzima amebaki mtu mmoja anayeweza kukimalizia kitabu cha baba, aliyekaa mkeka ule ule wa Zerahia mpaka mwisho, na mtu huyo yuko uani anakohoa. Khalfoni. Shemeji yangu. Mnaona sasa jambo linavyojipanga? Sikumpenda tangu alipokuja kumposa Zohra. Wachumba wengine wakija wanamtazama msichana, au mama wa msichana, au mizabibu. Huyu alilitazama sanduku. Nilimwona. Tulimletea biringanya za kukaanga akazichovya kwenye maji ya kunawia, macho yakiwa kule. Zohra, usicheke, niko katika jambo zito.

Aliniomba kitabu mara ngapi? Kila sikukuu. "Shemeji, wacha nikinakili tu." "Shemeji, panya." "Shemeji, unyevu." Nikamjibu, panya wa nyumba hii hawana elimu, wanaotaka kukila ni wa nyumba ya pili. Nikahamishia sanduku chini ya kitanda, nikalilalia. Sasa niambieni, mtu anayelala juu ya sanduku ataondolewaje? Fikirini polepole. Mimi nimepata muda wa kufikiri, nimelala hapa nikitazama dari.

Halafu kuna jambo la bustani. Granada, kwa Bwana Avshalomu, chemchemi inatiririka, mabwana wamejaa, na mimi nimemaliza kumsifu mwenye nyumba kwa shairi ambalo, nisijidai, lilimtoa machozi mpiga udi. Bwana Avshalomu alikuwa amekwisha kulichukua joho la hariri mikononi, la kumvisha mshairi wa siku, mwaijua desturi yao. Mara kutoka nyuma sauti: "Samahani. Neno la tatu kutoka mwisho halimo kwenye Torati, halimo kwa manabii, halimo hata kwa Ayubu. Umelitoa wapi, shemeji?" Maana hao ndio watu wa Zerahia, kwao mshairi wa Kiebrania asithubutu kutumia neno ambalo Maandiko hayakulitumia, hata likiwa linamtoka puani. Nikasema, "Na jina lako Khalfoni limo kwa nabii gani?" Bustani nzima ikacheka. Ila Bwana Avshalomu hakucheka. Alilikunja joho taratibu akaliweka magotini pake, akauliza kama samaki wameiva. Njia nzima ya kurudi Lusena Khalfoni alitembea kando ya nyumbu wangu akinieleza neno sahihi lingekuwa lipi.

Msidhani namshuku kwa ajili ya joho. Namshuku kwa mambo mawili, na mashahidi wayashike.

La kwanza. Kabla ya sikukuu ya vibanda, mchana kweupe, nilikwenda kwa Zohra na mtungi wa divai. Zohra hukuwepo, ulikuwa sokoni. Nikasikia sauti juu ya paa, Khalfoni anajenga kibanda chake cha sikukuu. Nikapanda ngazi nimtanie, maana kibanda chake kila mwaka hupinda. Nikafika katikati ya ngazi nikasimama. Alikuwa amenipa mgongo, ameshika kuti la mtende, anatembea na kugonga ukingo wa paa, fupi, ndefu, ndefu, fupi, akipima mizani, kama tunavyofanya sote. Na alichokuwa anapima kilikuwa kilio. Kilio cha kaburini. Na mwisho wa ubeti, Masliah. Ubeti mwingine, Masliah. Akarudi nyuma, akabadili neno, akasema tena, akaridhika. Mimi na mtungi wangu tumeganda kwenye ngazi. Sikuwa hata na mafua, wadogo zangu! Nilishuka kwa ncha za vidole mimi mtu ambaye nikiingia mahali mbwa wanaamka.

La pili. Sikukuu haijaisha, zikaja tini. Zimepikwa kwa asali na mdalasini, bakuli limefunikwa kitambaa, "za shemeji, kwa mkono wake mwenyewe." Lini Khalfoni alipika kitu? Mtu aliyeunguza maji. Nikala, kwa sababu ni tini. Na haukupita muda tumbo likakamata, homa ikapanda, na tangu hapo sijasimama. Tabibu akaja akasema ni homa ya mabondeni, wengi wanayo, wanywe maji ya shayiri. Nikamuuliza alisoma kwa nani. Kwa Zerahia! Mkeka mmoja na Khalfoni! Nikamwambia atoke.

Sasa hapo nani atabisha? Sanduku, kilio, tini. Lakini sikuwahi... Yekutieli. Mbona unatazama sakafu? Nitazame. Una nini? Sema, mashahidi wapo. Nini? Zile zilizobaki? Ulizila wewe? Lini? Zote? Na ule mchuzi wa asali chini ya bakuli? Na mkate! Ukafuta kwa mkate! Na siku zote hizi nimekaa nalitunza bakuli lile akilini kama ushahidi, na wewe umesimama hapo mzima, shavu limejaa, umenenepa kwa ushahidi wangu. Mzee Nisimu, usicheke, mtu anakufa humu ndani.

Haya. Labda sumu ilikuwa kwenye zile za juu. Labda mabega ya baba hayadhuriki. Lakini kilio ni kilio, nilikisikia kwa sikio ambalo baba alilisifu. Mtu hamtungii mwenzake kilio akiwa mzima isipokuwa anajua jambo. Mnipe maji. Si hayo. Ya mtungi wa Zohra.

Unasemaje, Zohra? Sema kwa sauti, usiniongelee kwenye shungi. "Khalfoni angetaka kukuua, kaka, angekusomea tu kitabu cha Zerahia kuhusu vitenzi, ungekufa kabla ya sura ya pili." Hilo umelipata kwangu, ulimi huo ni wangu. Lakini macho yamekuwa mekundu. Usilie bado, utakosa machozi ya kazi.

Basi shikeni, maana kifua kimeanza kunibana. Kwanza, kitabu cha baba. Khalfoni asikiguse. Kipelekeni sinagogi, kwenye chumba cha maandiko yaliyochakaa, kiingizwe humo pamoja na karatasi zilizoliwa na nondo, kifungiwe, na siku watakapoyazika maandiko hayo na kitabu kizikwe. Bora udongo ukisome. Pili, Khalfoni asisimame kaburini kwangu. Asifungue mdomo. Tatu, ninyi wazee wawili mkitoka hapa mwende kwenye baraza la majaji mseme: Masliah amekufa akimshuku shemeji yake. Na Zohra, nalijua neno hilo litakufanya nini. Mke wa mtu anayeshukiwa, mtaa mzima watavuta watoto wao ndani ukipita. Najua. Ndiyo maana nimekupa chumba cha juu.

Njooni karibu. Yekutieli, piga magoti, bado u mrefu. Mkono wangu mzito, uinue uuweke mwenyewe kichwani pako. Hivyo. Mungu wa baba zetu akulinde na njaa yako. Akupe mke anayekuficha chakula na watoto wanaokuonyesha kilipo. Zohra, wewe akupe uzee mrefu wenye meno yote, na sauti yako isikauke, ili hata wajukuu wa wajukuu wajue kwamba mwezi ulikwama kwenye komamanga na ni nani aliyeuona wa kwanza. Amina. Mseme amina. Huko uani naye kasema amina, nimemsikia. Nani kamwambia aitikie?

Haya, Mzee Bahya, niongoze sala ya kukiri, tumalize. Polepole, neno kwa neno, nitafuata. Nimekosa. Nimeasi. Nimeiba... vina tu, Mungu anajua. Nimesengenya. Endelea. Nime...

Rudia hilo. Nimesingizia.

Ngoja. Halipiti. Limekaa hapa kooni, halipandi halishuki. Ngojeni, wazee, msiinuke. Kuna kipande nimekiruka.

Kile kilio cha juu ya paa kilikuwa kizuri. Nimewaambia vina, nimewaambia mizani, sikuwaambia hilo. Kilianza hivi: "Lusena, fumba madirisha yako, aliyekuwa akikuamsha kwa majivuno amelala." Mtu yule mkavu, mtu wa herufi tatu. Sikujua ananisikia hivyo. Nilishuka ngazi ile si kwa hofu. Nilikuwa nalia, na sikutaka mtungi ugonge.

Na kingine. Mimi ninacho cha kwake.

Ndiyo. Majira yale ya baridi kifua kilipombana Khalfoni, Zohra ukawa hulali, mimi nilikaa hapa nikamtungia. Sisi watu wa kazi hii... Mnaniangalia nini, hamjui? Kwetu mtu anazikwa siku ile ile aliyokufa. Asubuhi yupo, jioni mnaweka mawe. Shairi la mizani halitungwi asubuhi moja ukiwa unalia. Kwa wengi hatusumbuki. Bwana fulani akifa, tunachukua kilio cha bwana aliyetangulia, tunatoa jina, tunatia jina, watu wanalia vile vile. Wale tunaowatungia mapema ni wale... ni wale ambao hatutaki kugugumia mbele yao. Nina vitatu tu maishani. Cha baba, kilichosomwa. Cha Khalfoni. Kingine siwaambii ni cha nani, ila ana mabega.

Kwa hiyo nilijua. Tangu kwenye ngazi nilijua maana yake. Lakini nililala hapa, homa, dari, na sanduku linanichoma mgongo, na nikaona afadhali niuawe kuliko kufa tu kwa homa ya mabondeni kama mchunga mbuzi yeyote. Mshairi aliyeuawa. Lingesomeka vizuri.

Wazee, futeni. Maneno yangu ni mawe, basi haya mapya yaangukie yale ya kwanza. Msiende kwa majaji. Kitabu cha baba ni cha Khalfoni, akimalize, aweke jina la baba juu na lake chini. Kilio chake akisome kaburini, na asibadilishe neno, kile cha kwanza ndicho kizuri. Cha kwake... kipo kwa Zohra tangu leo. Sikiliza, Zohra, kishike, usimwambie mpaka siku yake. Kinaanza...

"Nimekosea makusudi mstari wa kwanza, nikangoja uinuke unisahihishe. Hukuinuka. Ndipo nikaamini umekufa."

Nimekisema kwa sauti? Mlango ni mwembamba.

Hakohoi. Yekutieli, mbona hakohoi?

Huyo. Huyo, mnamsikia? "Neno la pili, shemeji." Analia na anasahihisha. Ameinuka.

Toka mlangoni, Yekutieli. Mfungulie. Asogee... hapa, karibu na sikio. Aniambie neno la pili lingekuwa lipi.